MTOTO HAPUNGUI BURE

Maneno ya hotuba kwa wazazi wa mashamba na wa mijini juu ya mtoto anayekonda bila sababu ijulikanayo



Hakuna jambo limtialo mzazi wasiwasi kama kumwona mtoto wake akikonda, naye hajui kwa nini. Homa hujitangaza kwa joto lake. Kuhara huonekana na kila mtu. Mfupa uliovunjika humliza mtoto mpaka kijiji kizima kikajua. Lakini kukonda huja polepole, kama maji yapunguavyo katika mtungi wenye ufa mdogo. Leo kaptura imepwaya kidogo, mwezi ujao mbavu zaanza kuhesabika, na siku moja shangazi aliyekuwa safarini arudi, amtazame mtoto na kuuliza, “Jamani, mtoto huyu amepatwa na nini?” Hapo ndipo wazazi watambuapo ya kwamba jambo hilo limekuwamo nyumbani kwa siku nyingi.

Neno kubwa la hotuba hii ni moja tu, nalo ni hili: mtoto hapungui bure. Kukonda si ugonjwa wenyewe, bali ni alama ya jambo jingine lililojificha, na jambo hilo mara nyingi latibika likijulikana mapema. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Si kazi ya mzazi kulijua jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Kazi ya mzazi ni tatu: kuona mapema, kupima kwa kipimo cha haki, na kumpeleka mtoto hospitali bila kukawia na bila aibu.

JICHO HUDANGANYIKA

Mzazi amwonaye mtoto kila siku aweza kuwa wa mwisho kuyaona mabadiliko yake. Tena jicho la mama laona kwa upendo, na jicho la jirani pengine laona kwa masengenyo. Mizani haina upendo wala masengenyo. Ndiyo sababu mtoto hupimwa uzito kila aendapo kliniki, na uzito huo ukaandikwa katika kijitabu chake.

Yafaa mzazi ajue mwendo wa uzito wa mtoto mwenye afya. Mtoto aliyezaliwa karibuni hupungua kidogo katika siku zake za kwanza, pengine mpaka sehemu moja katika kumi ya uzito wake, na kwa kawaida huurudia uzito ule kabla ya kutimiza wiki mbili. Hilo si la kuogofya. Afikapo miezi mitano hivi, mtoto huwa mara mbili ya uzito aliozaliwa nao, na atimizapo mwaka mmoja huwa mara tatu. Basi aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu na kilo 6, kisha kilo 9. Baada ya hapo mwendo wake hupoa. Tangu mwaka wa pili mpaka karibu na kubalehe, mtoto huongeza kilo 2 hivi au zaidi kidogo kwa mwaka.

Kwa sababu hiyo wako wazazi waogopao pasipo sababu. Mtoto aliyekuwa na mashavu manene akaanza kutembea na kukimbia, akarefuka, huonekana amekonda, na kumbe uzito wake unaendelea kupanda. Huyo hana neno. Lakini kuongezeka polepole ni jambo moja, na kurudi nyuma ni jambo jingine kabisa. Mtoto akisimama katika uzito ule ule kwa miezi miwili au mitatu, na aangaliwe. Akirudi nyuma, na apelekwe kwa daktari, hata kama anacheza na kucheka.

Ule mstari upandao katika kijitabu cha kliniki una historia njema ambayo Waafrika wanayo sehemu ndani yake. Katika miaka ya 1950 daktari Mwingereza, David Morley, alifanya kazi katika vijiji vya magharibi ya Nigeria. Aliona ya kwamba watoto huletwa hospitali wakiwa wamekwisha kudhoofu sana, akatengeneza kadi ambayo mama mwenyewe huiweka nyumbani, ili mtu yeyote atazamaye mstari aone kama mtoto anapanda, amesimama au anashuka. Mwaka 2006 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa vipimo vipya vya ukuaji, vilivyopatikana kwa kuwapima watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao walikuwa wa rangi na vyakula mbalimbali, lakini wote walinyonyeshwa vema na kutunzwa vema, nao walikua kwa namna iliyofanana sana. Basi asiseme mtu ya kwamba mtoto wake hakui kwa kuwa ndivyo watoto wa kabila lake walivyo.

Kuna kipimo kingine rahisi kuliko mizani, nacho ni utepe wa rangi tatu uzungushwao mkononi, katikati ya bega na kiwiko. Hutumika kwa watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano. Mkono ukiwa na unene wa sentimeta 12.5 au zaidi, utepe huonyesha rangi ya kijani. Ukiwa kati ya sentimeta 11.5 na 12.5, huonyesha manjano, maana yake mtoto amepungukiwa. Ukiwa chini ya sentimeta 11.5, huonyesha nyekundu, na hapo mtoto yumo hatarini. Asilale nyumbani akingoja siku ya kliniki. Mama hata asiyejua kusoma aweza kufundishwa kuutumia utepe huo kwa muda mfupi.

Lakini hata mizani yaweza kudanganywa. Kuna namna ya kudhoofu ambayo mwili hujaa maji, mtoto akaonekana mnene, na uzito wake usishuke. Mzazi na abonyeze kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, ahesabu mpaka tatu polepole, kisha aondoe kidole. Kishimo kikibaki, huo si unene, ni ugonjwa, na mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.

AIBU IMFICHAYO MTOTO

Kila mahali watu wameutafutia kukonda kwa mtoto sababu na jina. Katika Pwani ya Kenya husikika neno chirwa, na watu husema mtoto amepatwa na chirwa kwa sababu baba au mama alitoka nje ya ndoa. Katika nchi ya Waluo, karibu na Ziwa, husikika neno chira, yaani kudhoofu kumpatako mtu au mtoto wake kwa kuvunja mwiko wa jadi.

Si heshima kuwacheka wazee kwa maneno hayo. Waliona, nao waliona kweli, ya kwamba afya ya mtoto imefungwa pamoja na utulivu wa nyumba yake: nyumba yenye ugomvi, yenye baba asiyeleta kitu, au yenye mimba ya haraka, mtoto wake hudhoofu. Lakini yapasa kutazama majina haya yafanyavyo kazi siku hizi. Mama mwenye mtoto aliyekonda huogopa kupita naye njiani. Ajua ya kwamba wamwonao mtoto hawamhesabii mbavu mtoto, wamhesabia dhambi mama. Basi humfunika kanga mpaka kichwani, humwacha ndani watu wapitapo, na siku ya kupima uzito hukaa nyumbani. Baba naye, akiogopa kuulizwa mambo yake, hutoa fedha za mganga wa siri na hatoi nauli ya hospitali. Wakubwa wahifadhi jina lao, na mtoto ndiye alipaye.

Mfano wa mambo ya namna hii watoka nchi ya Ghana, wakati ule iitwapo Gold Coast. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica, alifika huko mwaka 1929 kuwatibu watoto. Aliwaona watoto wa mwaka mmoja mpaka minne waliovimba miguu, ngozi ikabambuka, nywele zikabadilika rangi, nao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Vitabu vya madaktari havikumsaidia. Akawauliza akina mama wa kabila la Ga, nao wakamwambia ya kwamba ugonjwa huo wajulikana, waitwa kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyetangulia, umpatao wakati mdogo wake azaliwapo. Katika jina hilo ndimo ulimokuwamo ufunguo. Mtoto ameachishwa ziwa ghafula kwa ajili ya mdogo wake, na badala ya maziwa amepewa uji usio na cha kujenga mwili. Daktari Williams aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina lile la Kiga kwa madaktari wa dunia, nao walitumia mpaka leo. Kwa Kiswahili ugonjwa huo waitwa unyafuzi.

Mafundisho ni mawili. La kwanza, mama ajua mengi kumhusu mtoto wake, na daktari mwema humsikiliza. Basi mama asiogope kusema. La pili, jina la ugonjwa lafaa kama laonyesha njia ya kumponya mtoto. Jina ambalo kazi yake ni kuwatia wazazi aibu halimponyi mtu.

CHAKULA KIJAZACHO NA CHAKULA KIJENGACHO

Sababu iliyo ya kwanza kufikiriwa ni chakula, wala hili si tusi kwa mzazi. Nyumba nyingi zenye mahindi ya kutosha zina mtoto aliyepungukiwa, kwa maana kujaza tumbo si kujenga mwili. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Likijazwa uji mwembamba ambao sehemu yake kubwa ni maji, mtoto atashiba, na kabla ya jua kuzunguka nguvu zimekwisha.

Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, bila maji wala uji. Kisha aanze chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Uji wake uwe mzito, nao utiwe kitu: maziwa, karanga zilizosagwa, mafuta kidogo, yai lililopondwa, maharagwe yaliyoiva sana, au omena waliosagwa wakawa unga. Wa miezi sita mpaka minane ale mara mbili au tatu kwa siku, na wa miezi tisa na kuendelea ale mara tatu au nne. Tena ale katika sahani yake mwenyewe. Mtoto mdogo aliyeketishwa penye sinia moja na ndugu zake wakubwa hushindwa mbio, naye huinuka na njaa bila mtu kujua.

Mtoto aliyekwisha kudhoofu sana ana hatari nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Wakimwona amekonda, humshindilia nyama, mayai na maziwa mengi kwa siku moja, kwa upendo. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu hauwezi kupokea wingi huo ghafula, na mtoto aweza kufa kwa chakula kile kile. Hospitali huanza na maziwa maalum, kidogo kidogo, mara nyingi usiku na mchana, huku mtoto akifunikwa asipatwe na baridi. Kwa wale ambao bado wana hamu ya kula na hawana ugonjwa mwingine mkali, kuna chakula cha dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Kilibuniwa mwaka 1996 na Mfaransa André Briend pamoja na mwenzake Michel Lescanne, na tangu hapo watoto wengi hutibiwa nyumbani kwao badala ya kulazwa. Paketi moja ina gramu 92 na nguvu ya kalori 500. Nyumba ipewayo paketi hizo na izihesabu kama dawa: ni za mtoto mgonjwa peke yake, si za kugawanya.

KUKONDA KWA MTOTO NA KIKOHOZI CHA MTU MZIMA

Ikiwa mtoto ala chakula chema naye azidi kupungua, yafaa mzazi atazame watu waliomo nyumbani. Je, yuko babu, mjomba, mfanyakazi au mpangaji akohoaye siku nyingi? Mtoto mdogo hupata kifua kikuu kwa kuvuta hewa aliyokohoa mtu mzima mwenye ugonjwa huo. Mtoto mwenyewe pengine hakohoi sana, wala hatoi makohozi ya kupimwa. Huwa amepooza tu, ana homa ya mara kwa mara, hatoki jasho la kucheza bali la usiku, na uzito wake washuka. Kikohozi au homa ipitayo wiki mbili pamoja na kukonda ni jambo la kwenda kumwambia daktari kwa maneno hayo hayo. Asiyeweza kutoa makohozi aweza kupimwa kwa njia nyingine, kama choo chake au picha ya kifua.

Hapo zamani mtoto alipewa vipande vya vidonge vya watu wazima, vichungu, vilivyokatwa kwa kisu na kukisiwa. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia nchini kote vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, viyeyukavyo majini na vyenye ladha ya matunda. Dawa hutumika kwa miezi sita, na kwa ugonjwa usio mkali daktari aweza kuamua miezi minne. Mtoto huanza kunenepa kabla dawa hazijaisha, na hapo ndipo wazazi hujaribiwa kuziacha. Wasiziache. Naye mtu mzima akohoaye na apelekwe pia, kwa sababu kumtibu mtoto na kumwacha aliyemwambukiza ni kufagia nyumba huku upepo ukirudisha vumbi mlangoni.

MTOTO ALAYE NA KUNYWA SANA, NAYE AKONDA

Sasa ni neno la ugonjwa mmoja ambao si wa kawaida sana kama hayo yaliyotangulia, lakini huua upesi kuliko yote, na mara nyingi huua kwa sababu haukudhaniwa. Ni kisukari cha watoto.

Watu wengi hudhani kisukari ni ugonjwa wa wazee na matajiri. Sivyo. Iko namna impatayo mtoto wa maskini na wa tajiri sawasawa, akiwa wa miaka miwili, saba au kumi na mitatu. Ndani ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, kitoacho maji yaitwayo insulini, ambayo ni kama ufunguo uifunguliao sukari mlango wa kuingia mwilini. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili yaziharibu sehemu zitoazo insulini. Sukari hubaki katika damu, mwili hufa njaa katikati ya shibe, nao huanza kuyeyusha mafuta yake na nyama yake wenyewe. Haukuletwa na peremende wala chai tamu, hauambukizi, wala si kosa la mzazi.

Alama zake ni hizi. Mtoto anywa maji mno, hata usiku huamka kutafuta maji. Akojoa mara nyingi, na aliyekuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena. Ala sana pengine, lakini akonda. Achoka. Haya yote yaweza kutokea katika wiki chache tu. Wazazi humchapa kwa kukojoa kitandani, na mwalimu humkemea kwa kutoka darasani kila mara, kumbe mtoto mgonjwa. Asipotibiwa, huanza kutapika, kuumwa na tumbo, kuvuta pumzi ndefu za haraka, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo watu husema ni malaria, au kichomi, au amerogwa, na kila saa ipitayo ni hasara.

Kumpima hakuhitaji mashine kubwa. Ni tone moja la damu kutoka kidoleni, na jibu hupatikana kabla ya dakika moja kupita. Kwa hiyo mzazi asiogope kumwambia mwuguzi au daktari: “Bwana Daktari, mtoto huyu anakunywa maji sana, anakojoa sana, naye amekonda. Tafadhali apimwe sukari.” Kusema hivyo si ukosefu wa adabu. Maneno hayo machache yamtosha mtoto kuokolewa.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na tumaini. Katika mwezi wa Januari mwaka huo, mjini Toronto katika Canada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alilala hospitali akiwa na uzito wa kilo 29 hivi tu. Ndiye mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini, dawa iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Aliishi miaka 13 zaidi. Leo mtoto apataye insulini kila siku na kufundishwa kujipima huenda shule, hucheza mpira, huoa au huolewa, akazeeka. Lakini sindano haifai kitu kwa mtoto ambaye hakuna aliyempima.

MAMBO MENGINE YAMKONDESHAYO MTOTO

Ziko sababu nyingine ambazo daktari atazifikiri. Kuhara kusikokoma hukausha mtoto, na minyoo huiba chakula na damu yake. Virusi vya ukimwi humkondesha mtoto ambaye mama yake hakupimwa alipokuwa na mimba. Mtoto huyo aweza kupewa dawa na kukua vema, bora wazazi wakubali kupimwa. Mtoto achokaye na kutoka jasho anyonyapo, pengine moyo wake wahitaji kuangaliwa. Mtoto aliyevimba taya au tumbo upesi upesi aweza kuwa na saratani ile ambayo daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958. Saratani hiyo hukua haraka, lakini pia huitikia dawa vizuri kuliko nyingi, ikiwahiwa.

Tena lisisahauliwe jambo ambalo mizani yaonyesha lakini damu haionyeshi, yaani huzuni. Mtoto aliyefiwa na mama, aliyehamishwa ghafula kwenda kwa watu asiowajua, aonewaye shuleni, au atendewaye ubaya na mtu mkubwa aliyetishiwa asimtaje, huacha kula. Msichana au mvulana aliye katika ujana aweza kujinyima chakula kwa kuuchukia mwili wake. Hawa wote hawasaidiwi kwa fimbo wala kwa kulazimishwa kumaliza sahani. Wahitaji mtu mzima mmoja awaketishe peke yao, awaulize kwa upole, na ayaamini majibu.

MZAZI AFANYE NINI

Aendapo hospitali au dispensari, mzazi achukue kijitabu cha kliniki na dawa zote alizokwisha kumpa mtoto, pamoja na zile za miti shamba, bila kuficha hata moja. Njiani ajikumbushe majibu ya maswali haya: Mtoto alianza kukonda lini? Je, hamu yake ya chakula imepungua, imezidi, au ni ile ile? Ala nini tangu asubuhi mpaka jioni? Choo chake kikoje? Anywa maji kiasi gani, na akojoa mara ngapi? Ana homa, kikohozi au jasho la usiku? Nani nyumbani akohoaye? Kuna mabadiliko gani nyumbani, kama vile kufiwa, kuhama au kuzaliwa kwa mtoto mwingine? Majibu haya humsaidia daktari kama vile nyayo zimsaidiavyo mwindaji.

Ziko alama zisizongoja kesho. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, atapikaye kila kitu, aliyevimba miguu yote miwili, mwenye degedege, avutaye pumzi kwa shida, au aliyelegea hata haamki vizuri, huyo apelekwe saa ile ile, iwe mchana au usiku.

Akishapimwa, mzazi arudi siku aliyoambiwa. Dawa ya kwanza isipofaa, asitoroke kwenda mahali pengine kimya kimya, bali arudi aseme, “Hajapata nafuu, bado anapungua.” Daktari hapungukiwi heshima kwa kuambiwa hivyo, apata habari aliyoihitaji. Na kule vijijini, ambako hospitali iko mbali, wako wahudumu wa afya wa jamii. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wapatao 100,000 mikoba ya vifaa vya kazi, wazunguke nyumba kwa nyumba. Mhudumu apigapo hodi, mtoto aliyekonda na awe wa kwanza kutolewa nje, si wa kwanza kufichwa.

Baba wa nyumba naye ana sehemu yake. Mara nyingi mama huona kwanza, lakini nauli na ruhusa vi mikononi mwa baba au mama mkwe. Mama asemapo, “Baba Fulani, mtoto huyu nguo zake zimempwaya,” asijibiwe kwamba watoto ndivyo walivyo. Neno hilo amelibeba moyoni siku nyingi kabla ya kulitamka.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku zile hapakuwa na mizani wala utepe, wala vidonge vya watoto, wala insulini. Leo vyote vipo. Kilichobaki ni mkono wa mzazi kumbeba mtoto na kumtoa nje mchana, mbele ya macho ya watu wote, kumpeleka apimwe.